Bure Si Huria: Vitabu Ambavyo Mwalimu Ana Ruhusa ya Kuvinakili

Maandishi ya mazungumzo kwa walimu wa chekechea, wazazi na watumiaji wa maktaba



Wiki moja kabla ya mitihani, saiba iliyo karibu na soko hujaa watu. Mama mmoja anatoa kopi ya kitabu cha hadithi alichoazimwa na jirani. Mwalimu wa PP2 ana picha za wanyama kwenye simu na anataka zitolewe nakala 30. Mwanafunzi wa sekondari msingi ameleta maswali ya marudio aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, na hajui nani aliyeyatunga. Wote watatu wanalipa kwa kurasa. Hakuna anayefungua ukurasa wa herufi ndogo mwanzoni mwa kitabu, ule unaosema kwamba haki zote zimehifadhiwa na kwamba hakuna sehemu inayoruhusiwa kunakiliwa bila idhini ya mchapishaji. Mwenye saiba haulizi na mteja hasemi. Kazi inaendelea kimyakimya, kama watu wanaopitia shamba la mtu kwa sababu ndiyo njia fupi ya kufika mtoni.

Hawa si wezi. Mama anataka mtoto asome, na mwalimu ana watoto wengi kuliko vitabu. Lakini sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwandishi hahitaji kuisajili kazi ndipo ilindwe, na wala hahitaji kuandika onyo lolote juu yake. Kwa hiyo lile faili la WhatsApp lisilo na jina la mtunzi halikuokotwa njiani. Lina mwenyewe, hata kama hajulikani.

Kuna vitabu vingine, hata hivyo, ambavyo ukurasa wake wa herufi ndogo unasema kinyume. Unamwambia msomaji kwamba anaruhusiwa kunakili, kuchapisha, kutafsiri, kubadilisha na kumpa mwingine, mradi ataje aliyeandika. Vitabu hivyo vipo, ni vingi, na baadhi yake vimeandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kenya. Kwa pamoja, vitabu vya aina hiyo, video, picha, mipango ya masomo na mazoezi huitwa nyenzo huria za elimu. Mazungumzo haya yanahusu ruhusa hiyo, kwa sababu walimu wengi wanaihitaji kila wiki na wachache wanajua kwamba tayari wanayo.

Mfano mmoja utasaidia zaidi ya maelezo mengi. Ipo hadithi iitwayo "Kuku na Jongoo". Iliandikwa na Winny Asara na michoro yake ni ya Magriet Brink. Kuku na Jongoo ni marafiki wasioacha kushindana. Siku moja wanacheza kandanda. Jongoo, mwenye miguu isiyohesabika, anamzidi Kuku mbio na mashuti, kisha wanapopigiana penalti anamfunga mabao matano. Kuku hajui kushindwa. Kwa hasira anafungua mdomo na kummeza mwenzake. Mama Jongoo anakuja kumtafuta mwanawe, sauti inasikika kutoka tumboni, na Jongoo anatumia silaha yake ya kuzaliwa, yaani harufu mbaya, mpaka Kuku anakohoa na kumtapika. Tangu hapo urafiki ukaisha. Watoto wa miaka mitano huicheka hadithi hii bila kuelezwa chochote, na watu wazima waliowahi kucheza mpira wa kijijini wanamjua Kuku kwa jina lake halisi.

Hadithi hii imo katika mkusanyiko wa African Storybook, mradi ulioanzishwa na Saide, shirika la Afrika Kusini linaloshughulikia elimu ya masafa. Tovuti ya mradi ilifunguliwa mwaka wa 2014, na Kenya, Uganda na Afrika Kusini zilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio. Hadithi zake zinapatikana kwa lugha nyingi za Afrika, na miongoni mwa lugha hizo mna Kiswahili, Dholuo, Kikamba, Lubukusu, Maa na Ng'aturkana. Mwalimu anaweza kusoma, kupakua, kuchapisha au kutengeneza tafsiri yake mwenyewe akitumia michoro ileile. Haandiki barua ya kuomba kibali. Kibali kimo kwenye kitabu.

Ruhusa hiyo imeifikisha hadithi mbali. Katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, wataalamu wa lugha walichukua hadithi 40 kutoka mkusanyiko huo na kutengeneza Storybooks Canada, kwa ajili ya watoto wa wahamiaji na wakimbizi wanaojifunza Kiingereza au Kifaransa shuleni huku wakihifadhi lugha ya nyumbani. Kuku na Jongoo wamo. Mtoto huko anasoma kwa lugha ya darasani, na mzazi wake anasoma hadithi hiyohiyo kwa lugha aliyotoka nayo kwao. Kama ingebidi kila tafsiri isubiri mkataba na kila mwandishi, pengine wangekuwa bado wanaandikiana barua.

Sasa, neno "bure" limeleta mkanganyiko mkubwa katika jambo hili, na linafaa kutenganishwa na neno "huria". Maji ya bomba la jirani yanaweza kuwa ya bure leo, na kesho jirani akafunga bomba. Kitu cha bure ni kile usichokilipia. Kitu huria ni kile ambacho mwenyewe ameandika, hadharani na kwa maneno ya kisheria, kwamba wengine wanaweza kukitumia, na hawezi kuamka kesho akawanyang'anya. Makala ya gazeti mtandaoni inaweza kuwa ya bure kusoma na bado hairuhusiwi kuchapishwa upya. Video inaweza kutazamwa bila malipo na bado ikawa kosa kuipakua na kuigawa. Hata masomo yaliyowekwa mtandaoni na taasisi za umma hayawi huria kwa sababu tu hayalipiwi. Mwalimu asome masharti yaliyoandikwa, na kama hakuna yaliyoandikwa, achukulie kwamba hajaruhusiwa.

Wazo lenyewe si la zamani. Aprili 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka nyenzo za masomo yake kwenye intaneti ili yeyote azisome. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa UNESCO jijini Paris kuhusu vyuo vya nchi zinazoendelea, ndipo jina la nyenzo huria za elimu lilipoanza kutumika. Desemba 2002 shirika la Creative Commons likatoa leseni zake za kwanza, na hizo ndizo zinazoonekana zaidi kwenye vitabu hivi hadi leo. Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo rasmi la kuzitaka serikali zijenge uwezo wa walimu na zitunge sera za nyenzo huria. Hayo yanatosha kuhusu Paris.

Kilicho muhimu kwa mtu aliyesimama kwenye foleni ya saiba ni herufi chache zilizo chini ya ukurasa. Leseni za Creative Commons huanza na herufi CC, kisha hufuatwa na alama za masharti. BY ina maana kwamba lazima mwandishi atajwe. SA ina maana kwamba anayeibadilisha kazi na kuisambaza lazima aitoe kwa leseni ileile, ili asije akachukua cha watu wote akakifunga. NC inakataza matumizi ya kibiashara. ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Kuna leseni sita zinazotokana na kuchanganya masharti hayo, na kuna CC0, ambayo mwandishi anaitumia kuachilia kila kitu.

ND ndiyo inayowakwaza walimu wengi, kwa sababu tafsiri nayo huhesabiwa kuwa mabadiliko. Hadithi nzuri ya Kiingereza yenye ND haiwezi kutafsiriwa kwa Kigiriama au Kikamba na kugawiwa darasani mpaka mwandishi aombwe. Kwa kipimo cha UNESCO, ambacho kinataka nyenzo iweze kurekebishwa, kazi ya namna hiyo haihesabiwi kuwa huria, hata kama inatolewa bure na hata kama ina alama ya CC. Mwalimu aliyeikagua alama hiyo kabla ya kuanza kutafsiri ameokoa Jumamosi nzima.

NC nayo inazua swali ambalo kila mwenye saiba angependa kulijibu. Ikiwa kitabu hakiruhusiwi kutumika kibiashara, je, yeye anayelipwa shilingi kwa kila ukurasa amevunja masharti? Swali hili limewahi kufikishwa mahakamani Marekani. Shirika la Great Minds lilikuwa limetoa nyenzo za hisabati kwa leseni yenye NC. Shule za umma zikazipeleka FedEx Office, kampuni ya kutoa kopi, ili zichapishiwe, na FedEx ikatoza malipo yake ya kawaida. Great Minds ikaishtaki FedEx, ikisema kwamba hiyo ni biashara. Machi 2018 mahakama ya rufaa jijini New York iliamua kwamba FedEx haikuwa na kosa. Shule ndizo zilizotumia leseni, na matumizi yao hayakuwa ya kibiashara. Mwenye mashine alikuwa mkono tu wa shule. Kesi kama hiyo dhidi ya Office Depot iliishia vivyo hivyo katika mahakama nyingine ya rufaa mwaka uliofuata.

Hukumu za Marekani hazifungi mahakama za Kenya, na hilo lieleweke. Lakini hoja yake inafuatika kwa urahisi. Mwalimu akipeleka kitabu chenye NC kwa saiba na kulipia karatasi na wino, huyo ni mwalimu anayefundisha. Mwenye saiba akichapisha nakala 100 za kitabu hichohicho, akazipanga mezani na kuziuza kwa wapita njia, huyo ni muuza vitabu, na leseni imemkataza. Kitabu chenye CC BY peke yake, kama "Kuku na Jongoo", hakina hata kizuizi hicho. Kijana akiamua kukichapisha vizuri, akakishona kwa uzi na kukiuza sokoni kwa bei ndogo huku jina la mwandishi likiwa mahali pake, hajamkosea mtu.

Wako watakaouliza kwa nini jambo hili lisemwe na serikali ya kaunti, ilhali shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Jedwali hilo limezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Kaunti pia zimepewa maktaba, ingawa watu wengi hawalikumbuki hilo kwa sababu maktaba zimeorodheshwa pamoja na makavazi, bustani, leseni za pombe na mchezo wa kamari. Mtoto wa PP1 na rafu ya maktaba, basi, ni wajibu wa kaunti. Na huyo mtoto wa PP1 ndiye hasa ambaye soko la vitabu limemsahau.

Sababu ya kusahauliwa kwake ni hesabu tu. Sera ya elimu inasema kwamba mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo lake. Katiba, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Lakini mchapishaji anayetaka kuchapa kitabu cha picha kwa lugha yenye wasemaji wachache anajua kwamba hatauza nakala za kutosha kulipia uchoraji. Michoro ndiyo ghali. Basi hachapi. Mwalimu naye anabaki na kitabu cha Kiingereza mkononi, akitafsiri kwa mdomo kila asubuhi, na mtoto hapati kamwe kuona maneno ya nyumbani kwao yakiwa yameandikwa.

Leseni huria inaibadilisha hesabu hiyo. Mchoraji alishalipwa au alishajitolea mara moja. Michoro ipo. Kinachobaki ni sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa, kazi ambayo walimu watatu wanaojua lugha vizuri wanaweza kuimaliza kwa siku moja. Wakiona kwamba watoto wao husema "boli" na hawajui "kandanda", waandike boli. Wakiona penalti inahitaji kuelezwa, waeleze. Leseni inawataka wawataje mwandishi, mchoraji na mahali hadithi ilipotoka, kisha waseme kwamba wao wametafsiri au wamebadilisha.

Walimu watatu wametajwa hapa kwa makusudi. Penye uhuru wa kila mtu kuandika, pana uhuru wa kila mtu kukosea. Katika makusanyo ya aina hii mtu hukuta tafsiri iliyofanywa kwa haraka, tahajia inayobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa, au lahaja ya kaunti nyingine kabisa. African Storybook yenyewe huweka alama kwenye hadithi ambazo imezikagua na kuziidhinisha, na mwalimu anayeanza afadhali aanzie hapo. Kwa tafsiri mpya, mmoja aandike, wa pili asome kwa sauti mbele ya watoto, na wa tatu, ikiwezekana mzee anayeheshimiwa kwa lugha yake, ashike kalamu nyekundu. Pia ikumbukwe kwamba vitabu vya kiada huidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Hadithi huria ni usomaji wa ziada. Haiondoi kitabu kilichoidhinishwa mezani.

Walimu wenyewe nao wana sehemu yao. Mradi wa TESSA, ulioanza mwaka wa 2005 ukiratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, una moduli za kumsaidia mwalimu wa shule ya msingi katika kusoma na kuandika, hesabu, sayansi, masomo ya jamii na stadi za maisha. Zipo kwa Kiswahili. Nyingi zinaelekeza jinsi ya kufundisha darasa kubwa lisilo na vifaa, kwa kutumia mawe, vijiti na vizibo vya soda. Mwalimu wa Kenya atakutana na mifano iliyotayarishwa kwa ajili ya Tanzania. Anaruhusiwa kuibadilisha.

Kisha kuna suala la bando. Wazazi hawajasahau mwaka wa 2020. Shule zilifungwa Machi. Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba, na wengine wakangoja hadi Januari 2021. KICD ilipeleka masomo kwenye redio na runinga, na mengine yakawekwa mtandaoni. Nyumba yenye redio ilisikiliza. Nyumba yenye simu kubwa na pesa za bando ilitazama. Nyumba yenye simu ya kabambe ilisikia habari za masomo kutoka kwa majirani. Mzazi aliyepitia hayo ana haki ya kutilia shaka kila anayemletea habari za vitabu vya mtandaoni.

Lakini hapa ndipo ruhusa ya kunakili inapoonyesha faida yake. Kitu cha kutazamwa tu kinataka bando kila kinapotazamwa. Kitu chenye leseni huria kinapakuliwa mara moja, kisha kinatembea chenyewe: kwenye memori kadi, kwenye flashi, kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, au kwenye karatasi. Kitabu cha picha cha kurasa chache ni faili dogo. Mwalimu mmoja akifika mahali penye intaneti siku ya soko, anaweza kurudi na rafu nzima mfukoni na kuwagawia wenzake wote wa wadi bila senti nyingine. Na akifanya hivyo hajavunja sheria, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya faili nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya wazazi.

Vyuo vya ufundi na maktaba zina njia nyingine pia. Programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality, imeundwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Video, mazoezi na vitabu vyenye leseni inayoruhusu hupakuliwa kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo inayotosha kwenye kiganja, na simu au tabuleti zilizo chumbani zinaunganishwa nayo bila waya. Shirika hilo lilitokana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ambao mwaka wa 2012 walitoa programu ya KA Lite ili masomo ya Khan Academy yatazamwe bila mtandao. Kolibri hutolewa bila malipo. Gharama ni kompyuta, umeme na mtu wa kuitunza, na huyo mtu wa kuitunza ndiye husahaulika kwenye bajeti. Vifaa vingi vya shule vimekufa kwa kukosa mtu wa kubadilisha waya.

Waandishi wa vitabu nao wasikilizwe. Mwandishi anaishi kwa kalamu yake kama fundi anavyoishi kwa msumeno wake, na hakuna sheria inayomlazimisha atoe kazi yake kwa leseni huria. Kumnakili bila idhini kwa kisingizio kwamba "elimu ni ya wote" ni kumlipisha mtu mmoja karo ya kijiji kizima. Hoja ya nyenzo huria ni nyingine: mwandishi alipwe mara moja, kwa fedha za umma au za wafadhili, kisha kazi iwe ya wote. Afrika Kusini imeonyesha kwamba hilo linawezekana. Mark Horner na wanafunzi wenzake wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town walianza kuandika vitabu vya sayansi vya shule ya upili kwa msaada wa watu wengi waliojitolea. Kazi hiyo ikawa Siyavula, na mwaka wa 2012 wizara ya elimu ya msingi ya nchi hiyo ikachapisha vitabu vyake vya hisabati na sayansi vya darasa la 10 hadi la 12 kwa ajili ya shule za umma. Serikali ililipia karatasi, uchapishaji na usafirishaji. Ruhusa ya kuchapisha haikulipiwa, kwa kuwa ilikuwa tayari imo kitabuni.

Hapo pana funzo kwa kila ofisi ya umma, ya kaunti ikiwemo. Kijitabu cha chekechea, bango la herufi au mwongozo wa ushonaji uliotayarishwa kwa kodi ya mwananchi, kisha ukachapishwa bila neno lolote kuhusu leseni, umefungwa. Mwalimu wa kaunti jirani hawezi kuutumia, na hata mwalimu wa kaunti hiyohiyo anabaki akikisia. Kuufungua kunahitaji mstari mmoja wa maandishi kabla ya kwenda kwa mchapishaji, na kifungu kimoja katika mkataba wa mwandishi na mchoraji, kilichokubaliwa kabla ya kazi kuanza. Mkazi anayehudhuria vikao vya maoni kuhusu bajeti anaweza kuuliza swali hilo kwa maneno machache: vitabu vitakavyonunuliwa au kuandikwa kwa fedha hizi, shule nyingine zitaruhusiwa kuvinakili?

Watoto wasioona wana njia ya ziada. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 2017, unaruhusu mashirika yaliyoidhinishwa kugeuza kitabu chenye hakimiliki kuwa Breli, sauti au maandishi makubwa bila kumwomba mchapishaji. Kwa kitabu huria hata shirika halihitajiki. Kijana mwenye sauti nzuri na simu anaweza kusoma hadithi, akairekodi na kumpa mtoto wa jirani.

Limebaki jambo moja ambalo walimu wenye ari wanapaswa kulipima kabla ya kubonyeza kitufe. Kila kijiji kina nyanya au babu mwenye hadithi ambazo hazimo kitabuni popote, na wazo la kwanza la mwalimu aliyeelewa mambo haya huwa kwenda kuzirekodi. Ni wazo zuri. Lakini leseni za Creative Commons hazirudishwi. Mwenye kazi anaweza kuacha kuisambaza, ila waliokwisha kuipata kwa leseni hiyo wanabaki na ruhusa yao. Hadithi ya nyanya ikishatolewa kwa CC BY, inaweza kuchapishwa Kanada, ikauzwa Nairobi, ikabadilishwa mwisho wake na mtu asiyewahi kufika kijijini. Baadhi ya wazee watafurahi kusikia hivyo. Wengine wana hadithi za ukoo, za jando au za mazishi ambazo si za kila sikio, na wengine hawatapenda tu. Picha za watoto darasani ni vivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na picha iliyotoka na leseni huria haina njia ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mwalimu aende kwa nyanya mapema, amweleze kwa lugha ya nyumbani hadithi itakakofika na nani ataweza kuibadilisha, amwonyeshe kwenye kitabu kingine mahali jina lake litakapoandikwa, na amwachie siku kadhaa za kufikiri na kushauriana na watoto wake. Akikubali, jina lake liandikwe kama anavyotaka yeye liandikwe, juu ya jina la mwalimu. Akikataa, hadithi ibaki kwake, na mwalimu atafute nyingine.